Nyumba tupu za Manundu: Mlango umefungwa, wenyewe wapo

USHAURI mmoja umekuwa ukirudiwa sana kwa watu wanaoanza kuwekeza katika nyumba: wasikimbilie nyumba mpya, bali wazunguke mitaani, watafute nyumba tupu iliyotelekezwa, wamsake mwenyewe, wampe bei ya chini, waikarabati, kisha waipangishe au waiuze kwa faida. Ushauri huo umeenezwa zaidi kutoka Marekani, ambako kwa kawaida jina la mmiliki wa kiwanja na deni lake la kodi ni kumbukumbu za wazi ambazo mtu yeyote anaweza kwenda kuzisoma katika ofisi ya serikali ya eneo husika.

Ukihamishiwa Manundu, kata iliyo kitovu cha biashara katika mji wa Korogwe, mkoani Tanga, ushauri huo unaonekana kuwa rahisi zaidi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao 68,000 katika Halmashauri nzima ya Mji wa Korogwe, na mitaa inayolizunguka soko inaweza kukaguliwa kwa miguu katika asubuhi moja. Nyumba tupu nayo haijifichi. Hujitangaza kwa bati lenye kutu, majani yaliyofika dirishani, kufuli ambalo halijafunguliwa kwa misimu kadhaa ya mvua, na waya wa umeme uliokatwa ukaachwa unaning'inia.

Hata hivyo, ugumu wa shughuli hii hauko katika kuiona nyumba. Uko katika kumjua mtu mwenye mamlaka ya kuiuza. Nyumba iliyofungwa katika mji kama huu mara nyingi haikukosa mwenyewe. Ina wenyewe wengi kupita kiasi, ambao hawajakaa pamoja wakaafikiana. Mwekezaji mchanga asiyeielewa tofauti hiyo huishia kununua kesi akidhani amenunua nyumba. Baya zaidi, fedha zake zinaweza kuwa ndizo zinazomwondoa mjane au yatima katika haki yake.

Mji uliojengwa na reli na mkonge

Ili kuelewa kwa nini nyumba hubaki tupu katika mji kama Korogwe, ni lazima kurudi katika historia yake. Reli ya Tanga, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1893 wakati wa utawala wa Wajerumani, ilifika Korogwe mwaka 1902 kabla ya kuendelea hadi Moshi mwaka 1911. Mwaka huohuo wa 1893, Dk Richard Hindorf aliingiza nchini miche ya kwanza ya mkonge, zao ambalo lilikuja kuutawala uchumi wa Tanga kwa zaidi ya nusu karne. Mashamba ya Magunga, Ngombezi, Mwelya, Hale na Magoma yaliizunguka Korogwe, na mji ukawa mahali pa kufanyia manunuzi, kutibiwa na kupandia treni.

Mashamba hayo hayakutegemea nguvu kazi ya Wasambaa, Wazigua na Wabondei peke yao. Vibarua waliojulikana kama manamba waliletwa kutoka Kigoma, Njombe, Songea na hata nchi jirani za Burundi na Msumbiji. Wapo waliorudi kwao mikataba ilipokwisha, na wapo waliobaki, wakaoa, wakapata kiwanja na kujenga.

Kisha mkonge ukaporomoka. Uzalishaji wa Tanzania, uliozidi tani 230,000 mwaka 1964, ulishuka hadi takriban tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1990. Nyuzi za plastiki ziliuteka soko, na mashamba mengi yaliyotaifishwa mwaka 1967 hayakuweza kuendeshwa kwa ufanisi. Treni ya abiria ya njia ya kaskazini nayo ilisimama kwa zaidi ya miaka 20, hadi iliporejeshwa Desemba 2019. Vijana waliozaliwa katika nyumba za enzi hizo walitafuta maisha Dar es Salaam, Arusha, Tanga mjini na kwingineko. Wazee walibaki na nyumba, na wazee walipofariki, nyumba zikabaki na kufuli.

Wakati huohuo, ardhi ya mji haikupoteza thamani. Korogwe imekaa katika barabara kuu inayotoka Segera kwenda Moshi na Arusha, na barabara ya lami yenye urefu wa kilomita 65 inaiunganisha na Handeni. Walimu, wauguzi, wafanyabiashara na madereva wanahitaji vyumba vya kupanga. Ndiyo maana nyumba tupu iliyo karibu na soko humvutia mwenye akiba ndogo: mahitaji yapo, na kuta zimekwisha kusimama.

Si kila nyumba tupu ni sawa

Kosa la kwanza la anayeanza ni kuziweka nyumba zote tupu katika kapu moja. Kwa kweli zipo za aina zisizopungua tano, na kila moja ina mlango wake wa kuingilia.

Aina ya kwanza ni nyumba ya marehemu ambayo mirathi yake haijafunguliwa, au ilifunguliwa ikakwama. Hii ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa kuliko nyingine zote, nayo itazungumziwa kwa kirefu.

Aina ya pili ni nyumba ambayo mwenyewe yu hai lakini yuko mbali, naye amemwachia ndugu au jirani funguo. Mwenye funguo si mwenye nyumba. Ili aweze kuuza kwa niaba ya mwenyewe, anahitaji hati ya uwakilishi wa kisheria iliyosainiwa na mmiliki, ambayo inamtaja yeye na nyumba hiyo na kumpa waziwazi mamlaka ya kuuza. Ujumbe wa simu unaosema "muuzie tu" haumlindi mnunuzi mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba.

Aina ya tatu ni jengo ambalo wengi hulidhania la mtu binafsi, kumbe ni la umma au la taasisi. Sheria ya Utwaaji wa Majengo ya mwaka 1971 ililenga majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia Sh 100,000 za wakati ule, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 kazi za Msajili ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa (NHC), lililoanzishwa mwaka 1962. Kwa hiyo jengo la zamani la kibiashara lenye milango mipana ya mbao, ambalo majirani husema "Mhindi wake aliondoka zamani", linaweza kuwa na mmiliki anayefahamika kabisa serikalini. Ndivyo ilivyo pia kwa nyumba za reli, za mashamba ya mkonge, za vyama vya ushirika na za taasisi za dini.

Aina ya nne ni nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya barabara au ya reli. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kupima kutoka katikati ya barabara. Katika mji uliopitiwa na barabara kuu na reli, jambo hilo si dogo. Alama ya X nyekundu ukutani huenda ndiyo sababu ya nyumba kukosa mpangaji na ya bei yake kuwa ya kutupa. Mwenye nyumba anaweza kuwa na haki ya fidia kutegemea alijenga lini na eneo lilikuwa na hadhi gani; mgeni anayenunua baada ya alama kuwekwa hujinunulia wasiwasi.

Aina ya tano ni nyumba iliyofungwa na deni au na amri ya mahakama. Imewekwa dhamana benki, au wanandoa waliotengana wanaigombania, au kuna zuio la kuihamisha hadi kesi iamuliwe. Hapa inafaa kukumbuka kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mume anayeuza peke yake huku mke akiwa kwao kijijini anampa mnunuzi karatasi isiyo na nguvu.

"Nyumba hii haiuzwi"

Mtu anayepita katika mitaa ya miji ya Tanzania hukutana na maandishi ya rangi ukutani: "Nyumba hii haiuzwi". Mgeni wa nchi hushangaa, kwa kuwa kwingineko tangazo huwekwa na anayetaka kuuza, na asiyeuza hukaa kimya. Mwenyeji haitaji maelezo. Maandishi hayo ni kilio cha mtu mmoja wa familia dhidi ya mwingine, au dhidi ya dalali aliyekwisha kuleta wateja mara mbili. Yanasema kwamba ndani ya nyumba hiyo kuna watu wenye haki na hawajakubaliana.

Mzizi wa ugomvi huo mara nyingi ni mirathi. Baba anapofariki, ukoo hukaa kikao na kumchagua mtu, aghalabu mtoto mkubwa wa kiume au baba mdogo, kuwa msimamizi. Muhtasari wa kikao huandikwa, watu husaini, na wengi huamini kwamba kazi imekwisha. La hasha. Kikao cha ukoo hupendekeza tu. Anayeteua msimamizi wa mirathi ni mahakama. Bila uteuzi huo, hakuna mtoto, kaka wala mjomba mwenye mamlaka ya kuuza nyumba ya marehemu, hata kama ameishi humo tangu kuzaliwa.

Msimamizi aliyeteuliwa naye hageuki kuwa mmiliki. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kinachobaki kwa warithi, na kanuni za mahakama za mwanzo zinamtaka awasilishe orodha na hesabu ya mali ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, isipokuwa mahakama imwongezee muda. Mnunuzi makini, kwa hiyo, haridhiki na barua ya uteuzi peke yake. Huuliza kama hesabu hiyo imewasilishwa, nyumba imetajwa humo kwa namna gani, na kama warithi wote wameridhia kwa maandishi iuzwe.

Hapo ndipo swali la nani ni mrithi linapokuwa zito, kwani Tanzania Bara haina sheria moja ya mirathi. Mahakama huangalia maisha aliyoishi marehemu, kisha hutumia moja kati ya sheria tatu. Kwa Mwislamu, mjane mwenye watoto hupata sehemu moja ya nane, na mtoto wa kike hupata nusu ya fungu la mtoto wa kiume. Kwa aliyeishi nje ya mila na si Mwislamu, hutumika Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, inayompa mjane theluthi moja na watoto theluthi mbili. Kwa aliyeishi kimila, Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililotungwa kwa ajili ya jamii zinazofuata ukoo wa baba, linamwacha mjane mikononi mwa watoto wake, bila fungu lake mwenyewe katika nyumba ya mumewe.

Korogwe na Handeni ni mahali ambapo sheria zote tatu zinaweza kugongana katika mtaa mmoja. Wapo Waislamu na Wakristo. Wapo Wasambaa wanaofuata ukoo wa baba, na Wazigua ambao kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Na wapo wajukuu wa manamba ambao ndugu zao wako Kigoma au ng'ambo ya mpaka. Mtu anayeuliza "warithi ni akina nani" asitegemee jibu la sentensi moja.

Mabadiliko yametokea mahakamani. Mwaka 1990, Mahakama Kuu iliyokaa Mwanza, chini ya Jaji James Mwalusanya, iliamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi kwa masharti yaleyale anayopewa mwanamume. Lakini mitaani hukumu hutembea polepole. Bado dalali anaweza kumwambia mnunuzi, kwa uso mkavu, kwamba "wanawake hawana neno katika nyumba hii". Siku dada hao watakapotokea na cheti cha kifo cha baba yao mkononi, dalali atakuwa amekwisha kuchukua ujira wake na kwenda zake.

Njia ya mkato isiyofika

Wapo wanaoamini kwamba haihitajiki kununua. Wamesikia kwamba mtu akikaa katika nyumba ya mwingine kwa miaka 12 bila kusumbuliwa, inakuwa yake. Imani hiyo imetokana na Sheria ya Ukomo wa Mashauri ya mwaka 1971, ambayo kweli inaweka miaka 12 kuwa mwisho wa kufungua shauri la kudai ardhi. Lakini kutoka hapo hadi kupata umiliki ni safari ndefu.

Katika shauri lililohusu masista wa shirika la Roho Mtakatifu na watu zaidi ya 100 waliokuwa wamekalia ardhi, Mahakama ya Rufani mwaka 2018 ilibainisha masharti ambayo mdai wa namna hiyo anapaswa kuyathibitisha yote kwa pamoja. Miongoni mwake ni kwamba mmiliki halisi aliitelekeza ardhi, kwamba mdai aliingia na kukaa waziwazi bila ridhaa ya mmiliki, kwamba alikuwa na nia ya kumwondolea umiliki, na kwamba miaka 12 ilipita bila kukatizwa. Mpangaji, mlinzi, ndugu aliyekaribishwa na mtu aliyeachiwa funguo wote huanguka katika mtihani huo, kwa sababu waliingia kwa ruhusa.

Njia nyingine ya mkato ni dhana kwamba ardhi iliyotelekezwa ni ya anayeiona kwanza. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 ina kifungu mahsusi kuhusu ardhi iliyotelekezwa. Dalili zake ni pamoja na kodi kutolipwa kwa miaka isiyopungua miwili, jengo kuchakaa kiasi cha kuwa hatari, au mmiliki kuondoka nchini bila kuacha mwangalizi. Lakini anayechukua hatua ni Kamishna wa Ardhi, baada ya kutoa taarifa, na mwisho wa safari ardhi hiyo hurudi kwa Rais akiwa mdhamini wa ardhi yote ya Watanzania. Hairudi kwa mpita njia aliyeiona.

Pa kuanzia

Je, mwenye akiba ndogo aache kabisa? Hapana. Nyumba iliyofungwa haimfaidii mtu yeyote. Warithi hawapati kodi, halmashauri haipati mapato, na majirani hupata nyoka, mbu na vibaka. Anayeweza kuifungua kwa njia halali anawasaidia wote, na faida yake inatokana na kazi hiyo. Lakini ni lazima ajue kwamba kazi yenyewe ni ya watu na karatasi kabla ya kuwa ya saruji na bati.

Kazi huanza kwa majirani, mchana kweupe, bila dalali. Majirani ndio wanaojua mzee alifariki lini, watoto wangapi, nani hupigiwa simu ukuta unapoanguka. Kutoka kwao huendewa balozi na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Hawa ni mashahidi muhimu, ingawa mhuri wa mtaa si hati ya umiliki na haumfanyi muuzaji kuwa mmiliki.

Hatua inayofuata ni ofisi ya ardhi ya halmashauri, kujua kama eneo limepimwa, kiwanja kina namba gani, kipo kitalu kipi, na matumizi yake yaliyopangwa ni makazi, biashara au njia. Kama kina hati, hufanywa upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Tangu mwaka 2020, zilipofunguliwa ofisi za ardhi katika kila mkoa, huduma hiyo inapatikana Tanga mjini. Upekuzi huonyesha jina la mmiliki, rehani ya benki kama ipo, na zuio lililowekwa na mtu mwingine. Ada yake ni ndogo mno ikilinganishwa na hasara inayozuiwa, na hakuna sababu ya kutoa hata shilingi ya "kishika uchumba" kabla ya majibu kutoka.

Kama marehemu ndiye anayesomeka katika hati, swali huhamia mahakamani: je, kuna shauri la mirathi, na msimamizi ni nani? Hapa mwekezaji mvumilivu humpita mwenye haraka. Familia nyingi hazijafungua mirathi kwa sababu ndogo kabisa: cheti cha kifo hakijachukuliwa, nauli ya kukusanyika haipo, au hakuna wa kuanza. Mwekezaji anaweza kuwasubiri, na hata kukubaliana kwa maandishi kuwasaidia gharama hizo ziwe sehemu ya bei. Asichoweza kufanya ni kuwachagulia msimamizi atakayemfaa yeye.

Vilevile deni halina budi kuhesabiwa. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Mwaka 2023 kiwango kilipandishwa kutoka Sh 1,000 hadi Sh 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Nyumba tupu haina anayenunua umeme, hivyo deni hujikusanya katika mita na kumsubiri atakayenunua wa kwanza. Kodi ya pango la ardhi nayo inaweza kuwa haijalipwa kwa miaka mingi.

Mwisho wa yote, mauziano huandikwa mbele ya wakili, malipo hupitia benki, na thamani huthibitishwa na mthamini aliyesajiliwa chini ya sheria ya wathamini ya mwaka 2016. Thamani hiyo huwalinda warithi wasiojua bei ya soko, lakini humlinda mnunuzi pia. Bei ya dhuluma ni ushahidi wa kwanza utakaotajwa siku mrithi mmoja akienda kulalamika.

Hesabu ya faida

Inafaa kupima pia kama faida inayotarajiwa ipo kweli. Chukulia mfano wa hesabu tu, si wa nyumba fulani. Nyumba ya vyumba sita inanunuliwa kwa Sh milioni 15, inakarabatiwa kwa Sh milioni 8, na gharama za wakili, upekuzi, kodi na uhamisho zinafika Sh milioni 2. Jumla ni Sh milioni 25.

Kila chumba kikipangishwa kwa Sh 30,000 kwa mwezi, na kwa wastani vikipata wapangaji miezi 10 kati ya 12, mapato ya mwaka ni Sh 1,800,000. Kodi ya zuio ya asilimia 10 inaondoa Sh 180,000. Kodi ya majengo na matengenezo madogo yakichukua Sh 220,000, kinachobaki ni Sh 1,400,000. Kwa mwendo huo, mtaji utarudi baada ya karibu miaka 18. Kiasi hichohicho kikiwekwa mahali salama panapolipa asilimia 10 kwa mwaka kingeleta Sh milioni 2.5 bila fundi wala mpangaji.

Maana ya hesabu hiyo si kwamba nyumba hazilipi. Ni kwamba faida haiko katika nyumba kuwa tupu. Iko katika mahali ilipo, katika ukarabati usiozidi mahitaji, na katika kupanda kwa thamani ya kiwanja kilicho na hati safi. Nyumba yenye mgogoro haipandi thamani. Kila mwaka wa kesi huila.

Kwa sababu hiyo ipo njia ya tatu ambayo wengi huiruka. Badala ya kununua, mwekezaji huingia mkataba na msimamizi halali wa mirathi, huikarabati nyumba kwa fedha zake, huipangisha kwa miaka waliyokubaliana huku akiwapa warithi sehemu ya kodi, kisha huwarudishia. Mtaji unaohitajika ni mdogo, familia haipotezi nyumba ya baba yao, na mjane anaweza kubakiziwa chumba chake katika mkataba. Kwa anayeanza, hiyo ni shule nzuri kuliko kununua kwa pupa.

Jukumu la mamlaka

Tatizo la nyumba tupu si la Korogwe peke yake. Nchini Japani, hesabu ya mwaka 2023 ilikuta nyumba tupu zipatazo milioni 9, karibu asilimia 14 ya nyumba zote. Wajapani waligundua kwamba kiini cha tatizo kilikuwa warithi wasiojiandikisha, kiasi kwamba baada ya vizazi viwili hakuna aliyejua nyumba ni ya nani. Kuanzia Aprili 2024 sheria yao inamtaka mrithi asajili ardhi au nyumba aliyorithi ndani ya miaka mitatu tangu ajue kwamba ameirithi, la sivyo anaweza kutozwa faini ya hadi yeni 100,000. Nchi tajiri yenye kompyuta katika kila ofisi imelazimika kurudi kwenye jambo lilelile ambalo familia za Manundu zinalihitaji: jina la mtu aliye hai katika daftari.

Tanzania ina pa kuanzia. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu pia majengo, ikapata zaidi ya milioni 14 nchi nzima. Mita za umeme ambazo hazijanunuliwa umeme kwa miaka zinaweza kuonyesha nyumba zilizofungwa. Halmashauri ikiunganisha taarifa hizo na za ofisi ya ardhi, inaweza kuziita familia husika, kuzielekeza namna ya kufungua mirathi, na kuzikutanisha na wenye mitaji mbele ya ofisa badala ya kwenye kijiwe cha dalali. Hakuna sheria mpya inayohitajika kwa kazi hiyo, ila utaratibu na nia.

Kwa mwekezaji mchanga, kipimo ni kilekile kwa nyumba zote tano. Asijiulize kama mlango umefungwa. Ajiulize ni watu wangapi wanaweza kusimama mbele ya mlango huo na kusema ni wao, na kama wote wamesaini. Asipopata jibu, fedha zake zibaki benki, kwa kuwa hati isiyobeba sahihi za wote haitamlinda yeye wala watoto atakaowaachia nyumba hiyo. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.